Kocha akitimuliwa hulipwa, kijana akihama hudaiwa

Novemba 21, 2024, Bryce Underwood, kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa futiboli ya Kimarekani, wa miaka 17, wa sekondari ya Belleville, jimbo la Michigan, alitangaza kwamba haendi tena LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Tangu Januari ya mwaka huo alikuwa amewaahidi watu wa Louisiana kwamba ni wao. Sasa alikuwa anabaki kwao, Chuo Kikuu cha Michigan, Ann Arbor, mwendo mfupi wa gari kutoka nyumbani. Wachambuzi wa usajili walikuwa wamempa namba moja nchini miongoni mwa waliokuwa wanaingia vyuoni mwaka 2025, na vyombo vya habari viliripoti kwamba dau la Michigan lilipita dola milioni 10. Mjadala ukawa mmoja: kijana amefuata fedha au amefuata nyumbani?

Mwaka mmoja baadaye ilionekana kwamba swali hilo lilikuwa dogo. Oktoba 26, 2025 LSU ilimtimua kocha mkuu Brian Kelly, siku moja baada ya kuchapwa nyumbani na Texas A&M 49 kwa 25. Desemba 10, 2025 Michigan nayo ikamfukuza Sherrone Moore, kwa mambo ya mwenendo wake nje ya uwanja. Makocha wakuu wawili waliomgombania kijana yuleyule waliondoka wote, na haikupita miezi 13 tangu siku ile ya tangazo. Angekwenda kusini au angebaki kaskazini, angemaliza mwaka 2025 chini ya bosi mpya asiyemchagua.

Huyu alikuwa namba moja. Alikuwa na kila chuo kikubwa mlangoni na washauri wa kumwongoza. Kama yeye hakuweza kununua uhakika wa mtu mmoja tu, kocha wake, basi kijana aliyepewa na wachambuzi nyota tatu kati ya tano, kutoka Kentucky au Iowa, ana uhakika gani? Hapo ndipo ninapotaka tupaangalie, kwa sababu mazungumzo ya usajili wa vyuo hujaa nyota, majina ya makocha na mamilioni, wakati jambo linaloamua maisha ya kijana limeandikwa kwenye karatasi ambazo mashabiki hawazioni.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu: futiboli ya Kimarekani haina akademi za klabu kama za Ulaya. Kijana hucheza sekondari, kisha chuo, na NFL, ligi ya kulipwa, haimruhusu kuingia mpaka itimie miaka mitatu tangu amalize sekondari. Hakuna njia ya mkato. Msimu wa 2025 vyuo vya daraja la juu kabisa vilikuwa 136, na chini yao kuna mamia mengine. Wavulana wanaocheza sekondari ni karibu milioni 1. Takriban 7 kati ya 100 hufika kucheza chuo cha ngazi yoyote, na kati ya wanaofika mwisho wa safari ya chuo, wanaochaguliwa kwenye drafti ya NFL, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, hawafiki 2 kati ya 100. Kwa hiyo kwa walio wengi chuo ndicho kituo cha mwisho cha mchezo. Watakachotoka nacho ni shahada, magoti yao, na fedha walizoweza kuweka.

Nyota zenyewe tusizitilie uzito kuliko zinavyostahili. Mtandao wa 247Sports hutoa nyota tano kwa wachezaji wapatao 32, idadi inayofuata nafasi za raundi ya kwanza ya drafti. Cam Ward hakuwa na nyota hata moja. Alitoka mji mdogo wa West Columbia, Texas, akasoma Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio, akahamia Washington State, kisha Miami, na Aprili 2025 akawa mchezaji wa kwanza kuitwa katika drafti nzima, akaenda Tennessee Titans. Fernando Mendoza, aliyemaliza sekondari ya Miami bila kelele zozote, alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2025 akiwa Indiana, baada ya kuanzia California.

Mifano hiyo inafurahisha, na mimi huwashangilia watu kama hao kuliko wale waliotabiriwa. Lakini itazameni vizuri. Ward na Mendoza walipanda kwa kuhama, yaani walifika vyuo vikubwa wakiwa wameshakomaa kwingine. Kila kocha mkubwa anayemchukua kwotabeki wa miaka 22 aliyeiva, amemwambia kijana wa miaka 18 kwamba nafasi yake haipo. Tangu mlango wa uhamisho ulipofunguliwa Oktoba 2018, na hasa tangu 2024 mchezaji aliporuhusiwa kuhama mara nyingi apendavyo bila kukaa nje msimu mzima, kocha anayeogopa kibarua chake hana sababu ya kumsubiri mtoto akue. Dirisha la uhamisho la Januari 2 hadi 16, 2026 lilikuwa la wiki mbili tu, na ndani ya wiki hizo mbili kikosi kizima kinaweza kubadilika sura. Kijana aliyemwaga wino mwanzoni mwa Desemba akiambiwa atakuwa wa pili kwenye nafasi yake, anaweza kujikuta wa nne kabla hajahamia bwenini.

Kuna na hesabu ya vichwa. Zamani chuo cha daraja la juu kiliweza kutoa udhamini wa masomo kwa wachezaji 85, na wengine wakajiunga kwa gharama zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na mambo yakageuka. Sasa kikosi kizima kina kikomo cha wachezaji 105, wote wanaweza kupewa udhamini, na chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja mpaka takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, fedha zinazogawanywa kwa michezo yote huku futiboli ikichukua sehemu kubwa. Kabla ya hapo, tangu Julai 1, 2021, mchezaji aliweza kulipwa na watu wa nje kwa matumizi ya jina na sura yake, kile wanachokiita NIL. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba fedha hizi zilichelewa sana kuwafikia vijana. Viwanja vya watu 100,000 vilijaa kwa miongo mingi huku wachezaji wakikatazwa hata kuuza saini zao. Sina ugomvi na malipo. Ugomvi wangu ni jinsi hatari ilivyogawanywa.

Tazameni Texas A&M. Mwaka 2022 kocha Jimbo Fisher alikusanya kundi la vijana lililopewa alama za juu kuliko kundi lolote tangu upimaji huo uanze. Novemba 2023 alifukuzwa, na chuo kikabaki na deni la kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Vijana wake walitawanyika: Walter Nolen akaenda Ole Miss, Evan Stewart akaenda Oregon, LT Overton akaenda Alabama. Kelly naye aliondoka LSU huku mkataba wake ukimpa haki ya takriban dola milioni 54. Hizo ni fedha ambazo wanasheria wa makocha waliziandika wakati kila mtu akitabasamu, wakijua kwamba siku za kutabasamu zina mwisho.

Sasa geuzeni upande wa pili. Damon Wilson alihama Georgia kwenda Missouri, na chama cha michezo cha Georgia kikaenda mahakamani kikimdai dola 390,000 kwa kuvunja makubaliano. Vipengele vya namna hiyo vimeanza kuwa vya kawaida: ukiondoka kabla ya muda, unarudisha ulichopewa, au wewe au chuo kinachokuchukua mnalipa fidia. Makocha nao wana vipengele vya kuondoka, hilo ni kweli, ila kwa kawaida chuo kipya ndicho hubeba mzigo huo. Na wao hujadiliana wakiwa na miaka 50, wakiwa na mawakala, na wakiwa wameshafukuzwa mara moja au mbili. Kijana hujadiliana akiwa na mitihani ya kidato cha mwisho.

Watu husema vijana wa siku hizi hawana uaminifu, wanaahidi chuo kimoja leo na kingine kesho. Sikubaliani nao hata kidogo. Ahadi ni deni, tumelelewa hivyo, lakini deni huwa la pande mbili. Katika usajili wa vyuo, ahadi ya mdomo haimfungi kocha hata kwa saa moja. Akipata mchezaji bora wa nafasi hiyohiyo, simu za yule wa kwanza huacha kupokewa. Hata ile barua ya kitaifa ya kusaini, iliyotumika tangu 1964 kumfunga kijana na chuo, ilifutwa Oktoba 2024, na kilichobaki ni mikataba ya udhamini na ya malipo. Kama chuo kinamwona kijana kuwa kipengele cha bajeti, kijana ana haki ya kukisoma chuo kama mwajiri.

Je, ni kosa basi kumchagua kocha? Hapa ndipo Travis Hunter hunipa taabu. Desemba 15, 2021, akiwa namba moja nchini, aliiacha Florida State siku yenyewe ya kusaini akatua Jackson State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani Weusi huko Mississippi, kwa sababu ya mtu mmoja: kocha Deion Sanders. Mwaka uliofuata Sanders akaondoka kwenda Colorado, na Hunter akamfuata. Akacheza pande zote mbili za uwanja, akapokea na akakaba, akashinda Heisman 2024, na Aprili 2025 Jacksonville ikamchukua wa pili katika drafti. Alimchagua mtu, na mtu yule hakumwangusha.

Lakini Hunter aliweza kumfuata kocha kwa sababu alikuwa Hunter. Kocha anayehama hubeba wachache, wale anaowahitaji Jumamosi ya mechi ya kwanza. Wengine wa Jackson State walioamini maneno yaleyale, waliosikia hotuba zilezile kuhusu kuvirudishia heshima vyuo vya Weusi, waliachwa Mississippi na kocha mwingine. Anayemchagua kocha anatakiwa ajiulize kwa uaminifu: siku mizigo ikifungwa, jina langu litakuwa kwenye orodha ya safari? Mara nyingi kijana anaweza kulijibu hilo mwenyewe kwa kuhesabu wachezaji wa nafasi yake waliosajiliwa mwaka uliotangulia, na wangapi kati yao bado wapo.

Kuna upande mwingine ambao husifiwa bila kuelezwa gharama yake, nao ni subira. Arch Manning, mjukuu wa Archie, mtoto wa ndugu yao Peyton na Eli, aliichagua Texas Juni 2022 akiziacha Alabama na Georgia. Akasugua benchi nyuma ya Quinn Ewers misimu miwili, 2023 na 2024, bila kutishia kuhama, na 2025 akapewa timu. Wazee wengi wamemtolea mfano: oneni, kijana ametulia. Ni kweli ametulia, na nampenda kwa hilo. Ila alitulia juu ya ukoo uliokwisha kutoa makwotabeki watatu wa NFL na nyumba isiyokosa kodi ya mwezi. Babu na baba zake wadogo walijua kusoma chumba cha makocha kabla hajazaliwa. Kijana ambaye mama yake anasimama kwa muda wa saa kumi kwenye kiwanda cha nyama hawezi kuambiwa asubiri misimu miwili kwa moyo uleule. Kwake dola 60,000 za mwaka huu ni kodi, ni gari linalowaka, ni nauli ya bibi. Kumwita mwenye tamaa ni kutokujua maisha yake.

Na ndiyo maana kesi ya Jaden Rashada inauma. Mwaka 2022 kwotabeki huyu wa California alikuwa ameahidi Miami, kisha akageukia Florida baada ya kuwekwa mezani mkataba wa dola milioni 13.85 kutoka kwa kikundi cha wafadhili wa timu. Fedha hazikuja. Januari 2023 akaomba kuachiwa, akaenda Arizona State, kisha Georgia, kisha Sacramento State, na Mei 2024 alimfungulia mashtaka aliyekuwa kocha wa Florida wakati huo, Billy Napier, na wengine. Mahakama ndiyo yenye kusema nani alidanganya. Ninachokiona ni safari: kijana aliyekuwa miongoni mwa bora wa mwaka wake amepita vyuo vinne au zaidi kwenye karatasi na uwanjani, akianza upya kila mara na vitabu vya mbinu, wachezaji wenzake, na masomo ambayo chuo kipya hakilazimiki kuyahesabu yote. Baada yake Matthew Sluka aliiacha UNLV Septemba 2024 baada ya mechi tatu, upande wake ukisema aliahidiwa dola 100,000 ambazo hazikulipwa. Ahadi hiyo ilikuwa ya mdomo.

Habari hii inatuhusu wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi mpaka 2024 Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na sehemu kubwa yao wametoka Kivu na makambi ya Tanzania, Burundi na Uganda. Wako Louisville, Fort Worth, Grand Rapids, Cedar Rapids. Watoto waliofika wakiwa wa chekechea sasa wako sekondari, wana maumbo ya kucheza, na makocha wa mitaa hiyo wana macho. Mzazi aliyekulia kwenye soka anaona barua zenye nembo za vyuo zinaingia na hajui ipi ni udhamini kamili na ipi ni mwaliko wa kambi ya kiangazi ambayo yeye ndiye atailipia. Anayemfafanulia ni mtoto yuleyule. Ndiye aliyetafsiri hospitalini, ndiye aliyetafsiri kwenye ofisi ya misaada, na sasa anatafsiri mkataba wake mwenyewe, kifungu kwa kifungu, kwa wazazi wanaotakiwa kumlinda. Mtoto aliyekwisha kuupenda uwanja, jezi na kelele za mashabiki hawezi kuwa mkalimani wa haki katika shauri hilo. Mnanielewa wazazi: tafuteni mwanasheria, au mwalimu mnayemwamini, au mtu wa kanisani au msikitini anayesoma mikataba kwa kazi yake, na awe yeye ndiye anayesoma kwa sauti.

Kwa kijana anayetoka Nairobi au Dar es Salaam moja kwa moja kuna ugumu mwingine. Njia ya udhamini wa michezo tunaijua tangu zamani: Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa Washington State, Suleiman Nyambui alisoma El Paso na kutwaa medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980, Hasheem Thabeet alitoka Connecticut akawa wa pili kwenye drafti ya NBA 2009. Lakini mwanafunzi wa F-1, viza ya masomo, amefungwa na masharti ya kazi, na suluhu ya House haikubadilisha sheria za uhamiaji. Anaweza kusimama mstari mmoja na mwenzake anayelipwa laki kadhaa za dola, naye akapokea udhamini tu, na akijaribu kupokea zaidi bila ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji anahatarisha viza yenyewe. Fedha zinazotajwa na vyuo zisimpofue. Aulize kwanza zipi zinamhusu.

Ziara rasmi za chuo, zile zinazolipiwa na chuo, kijana anaweza sasa kuzifanya kwenye vyuo vingi apendavyo, kimoja mara moja. Zimetengenezwa ili apendeze: picha akiwa na jezi, nyama choma, magari, kocha akiita kila mtu familia. Ningependa dakika 20 za ziara hiyo zitumike na mchezaji wa mwaka wa tatu ambaye hachezi, bila kocha pembeni. Huyo anajua daktari wa timu husema nini goti linapovimba, anajua masomo gani wachezaji hushauriwa wasichukue kwa sababu yanagongana na mazoezi, na anajua nani alilipwa kwa wakati. Halafu zile karatasi: udhamini ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Nikiumia unaendelea? Mlipaji ni chuo chenyewe au ni kikundi cha wafadhili ambacho kinaweza kuvunjwa? Mikataba ya nje kuanzia dola 600 sasa lazima iwasilishwe kukaguliwa. Ikikataliwa, chuo kitafidia pengo au la?

Na kipengele kimoja ningekidai kabla ya vyote. Kanuni tayari zinampa mchezaji dirisha maalumu la kuhama kocha mkuu anapoondoka. Mkataba wa malipo haufuati kanuni hiyo wenyewe, unafuata kilichoandikwa. Basi iandikwe kwamba kocha mkuu akifukuzwa au akihama, kijana anaweza kuondoka bila kudaiwa chochote alichokwisha kulipwa, na akichagua kubaki, malipo yake na udhamini wake vinabaki kama vilivyo mpaka muda wake uishe. Vyuo vitasema haiwezekani. Vilisema hivyohivyo kuhusu kuwalipa wachezaji, na ukuta ukaanza kubomoka Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa uamuzi wa kesi ya Alston, iliyohusu marupurupu ya kimasomo ya wachezaji, Juni 2021 kwa kura 9 bila pingamizi. Nguvu ya kukidai kipengele hiki iko kwa familia ya kijana anayegombaniwa, nayo huisha siku ya kusaini mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo kidaiwe Oktoba, wakati kocha bado anapiga simu kila usiku.